Barua ya Shangazi kutoka Oicha: Gome, Tomati na Tezi Dume

Oicha, 14 Septemba 2024

Kambale, mwana wa kaka yangu,

Huku tungali hai, na kwa mtu wa Oicha hiyo ndiyo habari ya kuandikwa kwanza. Mvua zimerudi, kakao inaanza kuiva, na kakao ikiiva hofu nayo inaiva, maana wanaokwenda mashambani upande wa msituni hawajui kama jioni watarudi. Wengi wameacha mashamba yao tangu mauaji ya raia yalipoanza mwaka 2014. Wamepanga chumba kimoja hapa mjini, wananunua kwa fungu mboga ambazo zamani walikuwa wakiwauzia wengine. Nitarudi kwenye hilo la mboga.

Mzigo wako ulinifikia kwa mkono wa yule dereva wa Butembo: boksi moja, makopo ya vidonge vya likopeni, mifuko ya poda ya manjano, na barua. Nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Umechanganya mambo mawili, nami nayatenganisha. La kwanza, unaogopa. Baba yako alikufa kwa saratani ya tezi dume, wewe una miaka 43, unataka kujua ule nini usije ukaifuata njia yake. La pili, una biashara. Umepata mtu Kampala anayekuuzia vitu hivi, unataka kuvisambaza Butembo, Beni na hapa kwetu, na kwa kuwa watu wa Oicha walinizoea miaka yote niliyofanya kazi ya uuguzi, unaomba niseme neno kwa akina mama wa kanisa wawanunulie waume zao.

Swali la kwanza ni la mwana kwa shangazi yake, na nitalijibu kwa urefu. Jibu la lile la pili liko mwishoni, ingawa nadhani utalikisia kabla hujafika huko.

Nianze na baba yako, kwa sababu wewe ulikuwa Kasindi ukitafuta maisha na mwanzo wake hukuuona. Alianza kwa kuamka usiku. Mara mbili, kisha mara nne. Anatoka na tochi, anasimama nyuma ya nyumba, mkojo unakuja kwa matone, anarudi kitandani akijua kwamba hajamaliza. Rafiki yake wa Lubero akamletea gome la prunus. Wewe umepakia magunia yake kwenye malori, hunihitaji nikueleze: nje jeusi lenye nyufa, ndani jekundu, na likiwa bichi ukilivunja linatoa harufu kali ya lozi chungu. Mti wenyewe haupendi joto letu la Oicha, ni mti wa milimani. Alilichemsha kwenye kasufuria kake kadogo ambako hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukagusa, akanywa kikombe asubuhi na kikombe jioni.

Na lilimsaidia. Nalisema wazi kwa sababu watu wakisikia mtu wa hospitali anazungumzia gome wanangoja alitukane. Silitukani. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alichukua hataza ya dawa ya gome hilo, na tangu wakati huo magome ya Cameroon, Madagascar, Kenya na ya milima yetu ya Kivu yamekuwa yakivuka bahari kwenda kuwa vidonge Ulaya. Watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 18 yaliyohusisha wanaume 1,562. Waliosema wamepata nafuu walikuwa zaidi ya mara mbili kwa waliopewa dawa ya gome kuliko kwa waliopewa kidonge kitupu. Kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19, na mkojo unaobaki kibofuni ulipungua kwa asilimia 24. Majaribio yenyewe yalikuwa mafupi, hata lililokwenda mbali halikuzidi miezi minne hivi, lakini nafuu ni nafuu. Babu zetu wa milimani hawakuwa wajinga.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo barua yako ilipopotea. Ugonjwa uliopimwa katika majaribio hayo ni kukua kwa tezi dume, kule kwa uzee tu. Tezi inazunguka njia ya mkojo, ikivimba inaibana, na mzee anaanza safari zake za usiku. Saratani ni ugonjwa mwingine ndani ya tezi hiyo hiyo. Mara nyingi inaanzia pembeni, mbali na njia ya mkojo, kwa hiyo mwanzoni haibani kitu, haiumi, haimwamshi mtu. Mwanaume mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja. Baba yako alikuwa nayo yote mawili. Gome lilimtuliza huu wa kwanza, na kwa kuwa alikuwa amelala vizuri, hakuona sababu ya kwenda kwa munganga wa hospitali. Ule wa pili ukaendelea na kazi yake bila kelele. Mgongo ulipoanza kuuma akasema ni magunia ya kakao. Miguu ilipoanza kulegea akasema ni uzee. Siku damu yake ilipopimwa, saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa.

Yule mtu wako wa Kampala atakuambia kwamba ndani ya gome wamegundua vitu vinavyoizuia homoni ya kiume isiilishe saratani. Ni kweli, wataalamu wa Ujerumani walitenga viwili vya namna hiyo na kuvijaribu kwenye seli za maabara. Kuna hata panya waliolishwa dawa ya gome wakapata uvimbe mchache. Lakini kutoka kwenye seli ya chupani hadi kwenye mwili wa mzee wa Oicha ni mwendo mrefu, na vitu vingi vimekufia njiani. Halafu kuna mti wenyewe. Tangu 1995 biashara yake iko chini ya mkataba wa CITES kwa sababu watu wanaumaliza. Sheria ya kuvuna ni kubandua vipande pande mbili zinazotazamana na kuuachia mti ngozi ya kuishi. Wanachofanya wengi unakijua kuliko mimi: wanauvua nguo zote, au wanauangusha kabisa.

Tuje kwenye makopo yako. Likopeni ni rangi nyekundu ya tomati. Iko pia kwenye tikiti maji na kwenye mapera yale mekundu ndani. Habari yake haikuzuliwa na wafanyabiashara, hilo nakupa. Mwaka 1995 Edward Giovannucci na wenzake wa Harvard, Marekani, walitoa hesabu ya wanaume karibu 48,000, madaktari wa meno, wa mifugo, wafamasia na wengineo, waliokuwa wakijaza fomu za vyakula wanavyokula. Waliokula vyakula vya tomati zaidi ya mara 10 kwa wiki walipata saratani ya tezi dume pungufu kwa asilimia 35 wakilinganishwa na waliokula chini ya mara moja na nusu. Na kilichoonekana zaidi ni mchuzi wa tomati iliyopikwa, tena na pitsa ikiwemo, jambo ambalo bila shaka liliwafurahisha Wamarekani. Sababu ya mchuzi kushinda tomati mbichi inajulikana. Likopeni imefungiwa ndani ya nyama ya tunda, moto unaifungua, na mafuta yanaibeba hadi kwenye damu. Mama yako anapokaanga tomati na kitunguu kwenye mawese mpaka zipondeke na mafuta yapande juu, ndipo atie sombe ya majani ya muhogo, anafanya kile ambacho maabara zilikuja kukigundua baadaye sana.

Lakini hesabu ya namna hiyo ina tundu. Mtu anayekula mboga nyingi mara nyingi pia havuti sigara, anatembea kwa miguu, ana pesa kidogo na munganga wake. Utajuaje kilichomkinga ni tomati au ni maisha yake yote? Ndiyo maana Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani, ambao mwaka 2007 uliandika kwamba vyakula vyenye likopeni huenda vinakinga saratani ya tezi dume, ulizikusanya upya tafiti mwaka 2014 na kuliondoa neno hilo. Ushahidi hautoshi, wakasema. Aliyeandika karatasi iliyobandikwa kwenye kopo lako ameisoma ripoti ya 2007 na kuiruka ya 2014.

Njia ya kuliziba tundu ni kuwagawa watu kwa kura, hawa wapewe kitu, wale wasipewe, kisha uhesabu. Wamefanya hivyo, Kambale, na nataka ujue walichokuta kabla hujamwuzia mtu.

Huko Marekani walichukua wanaume 478 wenye saratani changa ya tezi dume, ile ambayo waganga huichunga kwanza bila kuikata. Nusu yao walipigiwa simu na washauri kwa miaka 2 wakihimizwa kula mboga, mafungu 7 au zaidi kwa siku, na hasa za tomati na za jamii ya kabeji. Walizila kweli, damu yao ilionyesha. Majibu yalichapishwa Januari 2020: saratani ilisonga mbele sawasawa kwa hawa na kwa wale.

Hiyo ni mboga, ambayo walau haimdhuru mtu. Vidonge ni habari nyingine. Mwaka 2001 walianza jaribio kubwa lililoitwa SELECT, wanaume 35,533 wa Marekani, Kanada na Puerto Rico, kuona kama vitamini E na madini ya seleni yanakinga saratani ya tezi dume. Kila mtu alikuwa na matumaini, na maduka yalikuwa yanauza tayari. Mwaka 2008 wakasimamisha kwa sababu faida haikuonekana. Mwaka 2011 wakahesabu tena: waliomeza vitamini E peke yake walikuwa wamepata saratani ya tezi dume zaidi, kwa asilimia 17, kuliko waliomeza kidonge kitupu. Watu wazima wenye afya walimeza kinga kwa miaka na wengine wao wakaununua ugonjwa wenyewe.

Kabla ya hapo kulikuwa na Finland. Wavuta sigara 29,133, wengine walipewa beta-karotini. Ile ndiyo inayoyapa mawese rangi yake, na karoti pia. Mwaka 1994 ikatangazwa kwamba waliopewa walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Usikimbie kumwambia mama yako aache mawese! Katika mawese na karoti beta-karotini inaingia mwilini kidogo kidogo, imechanganyika na mamia ya vitu vingine, na tumbo linachukua kiasi chake. Kidonge kinachota kitu kimoja, kinakikamua mpaka kiwe kingi kuliko sahani yoyote inavyoweza kubeba, kisha kinakimwaga kila siku kwa miaka. Mtu aliyewahi kumpa mtoto dawa ya malaria anajua kwamba kipimo ndicho kinachotenganisha dawa na sumu, na makopo yako hayana kipimo kilichothibitishwa na mtu yeyote.

Mengine uliyotaja nayapitia haraka. Soya: kweli wanaume wa Japani na China walikuwa na saratani hii kidogo, lakini jaribio la unga wa protini ya soya kwa wanaume 177 waliokwisha kukatwa tezi, lililotangazwa 2013, halikuzuia saratani kurudi. Soya ninayoijua mimi ni ile ya uji wa watoto waliokonda, na katika kazi hiyo sijaona mfano wake. Chai ya kijani: Waitaliano walijaribu kwa watu 60 mwaka 2006 wakapata majibu ya kushangaza, Wamarekani wakarudia kwa watu 97, majibu yakayeyuka. Na dondoo zake zikiwa kali zinatikisa ini. Kabeji na brokoli zina kitu kinachoitwa sulforafani, kinazaliwa pale jani linapokatwa au kutafunwa, nacho bado wanakichunguza. Kakao, ambayo ndiyo ingekuwa biashara ya kwetu, dondoo lake limejaribiwa kwa watu 21,442 huko Marekani. Mwaka 2022 wakasema halikupunguza saratani, ingawa vifo vya moyo vilionekana kupungua.

Kuhusu manjano nina neno la ziada. Kurkumini, ile rangi yake, inapita tumboni karibu yote bila kuingia kwenye damu. Lakini kinachonisumbua ni mifuko yako yenyewe. Haina jina la aliyesaga wala mahali. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba huko Bangladesh wafanyabiashara walikuwa wakitia rangi yenye madini ya risasi kwenye manjano ili ing'ae. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Ukinitumia poda inayong'aa kuliko ile ninayosaga mwenyewe, mimi huiangalia kwa jicho baya.

Usije ukasema shangazi anadharau mimea. Mtu wa Oicha hawezi. Hospitali yetu ilianzishwa na Dr Carl Becker katika miaka ya 1930, na watu wa ukoma walimjia kwa maelfu kutoka misituni na ng'ambo ya misitu. Zama zile dawa ya ukoma dunia nzima ilikuwa mafuta ya chaulmoogra, yaliyokamuliwa kutoka mbegu za mti wa Asia. Yalisifiwa kwa vizazi, na sindano zake zilikuwa za maumivu makali. Zilipokuja salfoni katika miaka ya 1940, zikapimwa na kuonekana kwamba zinaponya, mafuta yale yaliwekwa kando na hakuna mgonjwa aliyeyalilia. Mmea mwingine umekwenda njia ya kinyume. Dosetakseli, dripu wanayopewa wanaume ambao saratani ya tezi dume imeshasambaa, inatengenezwa kutokana na majani ya mti wa Ulaya. Wafaransa waliichonga katika maabara kwa miaka, ikajaribiwa kwa wanaume 1,006, na mwaka 2004 ikaonekana kwamba inawaongezea maisha, kwa wastani, miezi kama miwili na nusu. Ndivyo mmea unavyopata haki ya kuitwa dawa ya saratani. Na ona jinsi haki yenyewe ilivyo ndogo ikipimwa kwa uaminifu: miezi miwili na nusu, si miujiza.

Basi ule nini? Kula anachopika mkeo, ila apike zaidi mboga na wewe upunguze nyama choma na bia za jioni pale Butembo. Tumbo lako nililiona kwenye foto ya ubatizo wa mtoto. Katika mambo yote ya chakula na saratani hii, lenye ushahidi wa nguvu ni unene: mwanaume mnene saratani yake ya tezi dume ina hatari zaidi ya kuwa ile kali inayosambaa. Wewe unakaa dukani toka asubuhi, unapanda pikipiki kwenda mita mia tatu. Tembea. Kula lengalenga, matembele, maharage, kabeji na karoti zinazoshuka kutoka Lubero, sombe iliyotwangwa vizuri na kuchemshwa mpaka sumu yake imetoka. Na tomati kwa mawese, kwa kuwa ni tamu na kwa kuwa moyo wako, sukari yako na presha yako vitakushukuru hata kama tezi haina habari. Sigara ukiwa bado unaificha, iache. Mvutaji akipata saratani hii ana hatari zaidi ya kufa nayo.

Nilisema nitarudi kwenye mboga. Hapa Oicha mwanamke aliyekimbia shamba lake ananunua fungu la lengalenga ambalo zamani alilichuma mlangoni, na kuna siku ananunua la watu wanne kwa ajili ya watu tisa. Huyo ndiye unayetaka nimwambie anunue kopo la likopeni kwa mumewe. Hesabu bei ya kopo moja, kisha uhesabu ingekuwa tomati ngapi.

Sasa lile ambalo hukuuliza, na ndilo lako hasa. Wanaume wanaokaribia saratani hii kuliko wengine ni wa namna tatu: wenye umri mkubwa, weusi, na wale ambao baba au kaka yao aliipata. Wewe ni wa namna mbili tayari, na ya tatu inakuja yenyewe. Kama baba aliipata, hatari ya mwana inafika kama mara mbili. Marekani, wanaume weusi wanakufa kwa saratani hii karibu mara mbili kuliko weupe. Kampala, ambako wana daftari la saratani tangu miaka ya 1950, saratani hii imekuwa ikipanda kwa miongo. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya duniani watatoka milioni 1.4 waliokuwa mwaka 2020 hadi milioni 2.9 mwaka 2040, na ongezeko kubwa litakuwa kwenye nchi kama zetu. Usihesabu upande wa wanaume peke yake. Dada ya babu yako alikufa kwa saratani ya ziwa akiwa bado kijana, na munganga akikuuliza habari za ukoo, hiyo nayo umwambie, kwa sababu kuna urithi mmoja wa damu unaoleta ya ziwa kwa wanawake na ya tezi dume kwa wanaume.

Kipimo cha kuanzia ni cha damu, kinaitwa PSA. Kwa mtu wa ukoo kama wako, waganga wanashauri kuzungumzia kipimo hicho kuanzia miaka 45. Usingoje siku ya kuzaliwa, nenda sasa uzungumze. Kikiwa juu, usizimie: tezi iliyokua kwa uzee au yenye maambukizi nayo inakipandisha. Ndiyo maana munganga ataongeza kipimo cha kidole, ekografi, na ikibidi kipande kidogo cha tezi kitolewe kikaangaliwe kwa darubini. Na ikikutwa saratani, bado kuna zile zinazochungwa tu bila kukatwa, na kuna zinazokatwa zikaisha kwa sababu hazijatoka nje ya tezi. Ya baba yako ilikuwa imeshatoka.

Nimetaja kidole, na najua ulivyokunja uso. Nimewasikia wanaume wa hapa wakiapa kwamba heri kufa. Nimewauguza baadhi yao mwishoni, wakiwa wanafungwa nepi na binti zao, na hakuna aliyezungumzia tena aibu ya kidole. Kile kipimo ni cha dakika moja. Na kama unakunywa gome au kitu chochote cha mimea, mwambie munganga kabla hajauliza, ili ajue dalili zako zimefunikwa na nini.

Wadogo zako nao uwaambie. Pesa uliyotia kwenye boksi hili ingetosha kuwapima ninyi nyote.

Kanisani nitasema neno, ndiyo. Nitawaambia akina mama kwamba mwanaume wa miaka 50, au wa 45 ambaye baba yake au kaka yake aliugua, aende akazungumze na munganga hata kama analala usiku mzima bila kuamka, na kwamba nafuu ya gome isiwazuie. Jina langu halitakaa kwenye makopo yako. Boksi linarudi Alhamisi na dereva yule yule, nimelifunga kwa kamba, halijapungua kitu. Mrudishie mtu wako wa Kampala. Akikataa, hasara ni yako. Usiihamishie kwa wagonjwa.

Nisalimie mke wako na watoto, na huyo mchanga mbusu kwa niaba yangu. Ukishapimwa, niandikie namba waliyokupa.

Ni mimi shangazi yako, Oicha.